Ding! Ya nani hiyo?

Leo nianze na kosa langu mwenyewe, halafu ndiyo twende kwenye historia.

Jioni moja tulikuwa tunakimbizana na muda wa gazeti kwenda mitamboni. Mbele yangu kompyuta ya ofisi, kulia kompyuta mpakato yangu, katikati simu imelala kifudifudi. Kushoto kwangu jirani naye ana mbili za kwake. Mashine tano kwenye meza moja. Ikalia: ding. Sikuinua macho. Baada ya muda kidogo ikalia tena. Jirani naye hakuinua macho. Mimi nilidhani ni yake, yeye alidhani ni yangu.

Ilikuwa yangu. Mtu aliyenipa habari ya mambo yanayofanyika ofisini kwao alikuwa ameniandikia: ndugu mwandishi, nimefikiria upya, tafadhali usitumie jina langu. Barua pepe iliingia saa 2:10 usiku. Ukurasa ulifungwa saa 2:40. Mimi niliisoma kesho yake asubuhi, gazeti limeshafika kwa wauzaji, na jina lake liko aya ya tatu. Mwezi haukuisha akahamishiwa kituo cha mbali, familia ikabaki. Nilimwandikia kumwomba radhi. Hakujibu, na simlaumu.

Kinachoniuma si kwamba sikusikia. Nilisikia vizuri kabisa, mara mbili. Nilichokosa ni kujua sauti ile inamwita nani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo wengine wataliona la kitoto: waliotutangulia walijuaje kengele ipi ni yao? Na sisi, wenye mashine za kisasa, tulipotezea wapi ujuzi huo?

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Tumeuzoea usemi huu mpaka hatuusikii tena. Lakini hebu tazama: mbiu ilikuwa pembe, na sauti ya pembe huwezi kuichanganya na ngoma ya harusi wala na adhana. Kule Lamu na Pate kulikuwa na siwa, ile ya Lamu ya shaba na ile ya Pate ya pembe za ndovu, na haikupulizwa ovyo. Ilikuwa ya shughuli za wakubwa. Ukiisikia unajua ni hafla ya nani. Hata shule ya msingi niliyosoma mimi, kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mwembeni. Mapigo ya taratibu, badilisheni kipindi. Mapigo ya haraka mfululizo, kimbieni paredi.

Kwa hiyo sauti ya kuita watu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kusema kuna jambo. Ya pili ni kusema ni jambo gani na la nani. Ukifuatilia historia ya milio ya mashine utaona kwamba kazi ya kwanza tumeiboresha sana, na ya pili tumeiacha njiani.

Katika chumba chetu cha habari yupo mzee mmoja aliyeanza kazi enzi za teleprinta. Kwa mdogo wangu ambaye hajawahi kuiona: ni mashine ya kupiga chapa inayojiandikia yenyewe, herufi zinatoka mbali kwa njia ya waya. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeharibu nini tena?"

Nikamweleza yaliyonikuta. Akatikisa kichwa.

"Kijana, sisi mashine zilipangwa ukutani, kila shirika la habari na yake. Kengele ikilia, hata hujageuka unajua ni ipi, maana inalia pale pale ilipo, na kila moja ilikuwa na namna yake ya kulia. Nyinyi mashine zenu zote zimezaliwa na mama mmoja."

Mzee hakukosea. Kengele ya teleprinta ilikuwa kengele kweli, ya chuma, imefungwa ndani ya mashine. Na mashirika makubwa ya habari ya Marekani, AP na UPI, yalikuwa na lugha ya kuhesabu. Habari za kawaida zilipita kimya. Habari ya dharura, waliyoiita buletini, ilitanguliwa na kengele 5. Ile ya juu kabisa, flashi, ilipewa kengele nyingi zaidi, 10 au kuzidi. Mhariri aliyekuwa upande wa pili wa chumba hakuhitaji kuona karatasi. Alihesabu. Mahali zilipotokea palimwambia ni shirika gani, na idadi ilimwambia ni uzito gani. Kazi zote mbili zimefanyika kabla hajainuka kwenye kiti.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa tarehe 22 Novemba 1963. Rais John F. Kennedy alipigwa risasi Dallas saa 6:30 mchana kwa saa za kule. Kwenye gari la waandishi kulikuwa na simu moja ya redio, na aliyekaa karibu nayo alikuwa Merriman Smith wa UPI. Akaikamata, akaanza kusoma habari, na akakataa kuiachia huku Jack Bell wa AP akimpiga kutoka kiti cha nyuma akitaka zamu yake. Saa 6:34, dakika nne tu baada ya risasi, buletini ya UPI ilikuwa inaingia kwenye vyumba vya habari na kengele zake 5. Smith alipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1964. Watu huwa wanasimulia habari ya simu ile. Mimi siku hizi nawafikiria zaidi wale waliokuwa ofisini, waliosikia kengele ya tano na kuacha walichokuwa wanafanya.

Mwaka huo huo wa 1963 kengele ilipata namba. Wamarekani walitoa utaratibu wa ASCII, yaani orodha inayoipa kila herufi namba yake ili mashine tofauti zielewane. Ndani ya orodha hiyo, namba 7 si herufi. Ni kengele. Mashine ikipokea 7 haiandiki kitu, inalia. Ndiyo maana kwenye kompyuta za zamani ukibonyeza Ctrl pamoja na G inalia, kwa kuwa G ni herufi ya saba. Mashine ya Teletype Model 33, iliyotoka wakati huo huo, ilikuwa bado na kengele halisi ya kugongwa. Zilipokuja mashine za kioo, kama VT100 ya mwaka 1978, kengele ya chuma ikatolewa, ikawekwa "biip" ya umeme. Namba 7 ikabaki. Mpaka leo ukifungua dirisha la amri kwenye Linux, namba 7 bado ina maana ile ile: kuna jambo. Jambo gani, la nani, haisemi.

Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao ya kwanza, na ndani yake spika ndogo. Ukiiwasha inajikagua, halafu inakupa taarifa kwa milio. Mlio mmoja mfupi, niko salama. Mmoja mrefu na miwili mifupi, tatizo liko upande wa kuonyesha picha. Kampuni nyingine zilipoanza kutengeneza kompyuta za kufuata mtindo wa IBM, kila mtengenezaji wa BIOS alitunga lugha yake. Tatizo lile lile la picha, kwenye BIOS ya Award ni mmoja mrefu na miwili mifupi, kwenye BIOS ya AMI ni milio minane. Fundi aliyezoea Award akikutana na AMI ni kama mtu wa Kigoma kushuka Mombasa, anasikia maneno lakini mizaha inampita. Hata hivyo bado kulikuwa na nafuu. Mlio ulitoka ndani ya boksi lenyewe, na maboksi yalikuwa machache. Ofisi nzima ina kompyuta moja, ikilia utauliza ya nani?

Mambo yaligeuka pale mlio ulipokuwa faili. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuja na mafaili madogo ya sauti, na moja lilikuwa na jina ambalo hata kipofu wa kompyuta analijua: ding. Kuanzia hapo ding ya Dar, ding ya Nairobi na ding ya London ni nakala za kitu kimoja. Kengele mbili za chuma hazilii sawasawa hata zikitoka kiwanda kimoja. Nakala mbili za faili moja zinalia sawasawa kabisa. Halafu kompyuta zikashuka bei, meza moja ikabeba mbili, tatu, tano. Sauti moja, vinywa vitano.

Sisemi watu hawakujali milio. Walijali mno. Jim Reekes wa Apple ndiye aliyetengeneza sauti ya kuwaka kwa Macintosh za mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mlio wa mwaka 1991 unaoitwa Sosumi. Jina hilo ni kijembe. Apple walikuwa na kesi na Apple Corps, kampuni ya wanamuziki wa Beatles, iliyohusu kompyuta kuingilia mambo ya muziki. Sosumi ukilitamka haraka ni Kiingereza cha "basi nishitaki". Microsoft nao walimwendea mwanamuziki Brian Eno atunge sauti ya kufungua Windows 95. Alitunga vipande 84 kabla ya kimoja kuchaguliwa, na mwaka 2009 akakiri kwamba kazi hiyo aliifanyia kwenye Macintosh! Lakini ona nguvu zilielekezwa wapi. Mlio ukaanza kutaja jina la kampuni iliyouza mashine, badala ya kutaja mashine inayoita.

Na mliopanda daladala miaka ya 2000 mnakumbuka Nokia. Ti-ti-ti, taa-taa, ti-ti-ti. Wengi hatukujua kwamba mlio ule ulikuwa unasema neno. Kwa alfabeti ya Morse ni S, M, S. Mashine ilikuwa inatamka kabisa kilichoingia. Tatizo likawa pale pale: daladala nzima ina Nokia. Ukilia mmoja, watu kumi wanajipapasa mifuko, na konda anawacheka huku naye anashika wa kwake.

Mtu atasema, si una masikio mawili? Geuka kule sauti ilikotoka. Ngoja. Mwingereza Lord Rayleigh alilieleza jambo hili mwaka 1907. Sauti nzito tunaijua upande wake kwa sababu inafika sikio moja mapema kidogo kuliko jingine. Sauti nyembamba sana tunaijua kwa sababu kichwa kinaikinga sikio moja, la pili linaipata kwa nguvu zaidi. Sauti ya katikati inapita baina ya njia hizi mbili na zote zinayumba. Tena sauti yenye mchanganyiko wa nzito na nyembamba, kama kugonga mbao au kukohoa, inayapa masikio ushahidi mwingi. Biip ya toni moja inayapa ushahidi kiduchu. Na ding ni fupi. Ukigeuza kichwa kuitafuta, imeshaisha.

Kwenye meza ya gazeti hasara yake ni jina la mtu kuchapwa. Kwingine hasara ni kubwa kuliko hiyo.

Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Marekani, zaidi ya ving'ora na taa za tahadhari 100 viliamka katika hatua za mwanzo za ajali. Waendeshaji walikuwa wamezungukwa na mashine zote zinazosema "kuna jambo" kwa wakati mmoja, na jambo lenyewe likafichika humo humo. Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, kililipuka. Uchunguzi ulikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho wafanyakazi wawili walipigiwa tahadhari 275. Piga hesabu mwenyewe, ni moja kila baada ya sekunde mbili na kidogo.

Halafu kuna ndege ya Helios, safari namba 522, tarehe 14 Agosti 2005. Boeing 737 ilitoka Larnaca, Cyprus, kwenda Athens. Swichi ya kudhibiti hewa ya ndani ilikuwa imeachwa kwenye hali ya mkono. Ndege ilipopita futi 12,000 hivi honi ikalia, kuonya kwamba hewa ndani inapungua. Lakini kwenye ndege ile honi hiyo hiyo ilikuwa na kazi nyingine: kuonya kwamba ndege haijatengwa sawasawa kwa ajili ya kuruka, jambo linalotokea chini, kwenye njia ya kurukia. Marubani waliisikia. Wakadhani ni ile ya chini. Wakaendelea kupanda huku wakitafuta hitilafu isiyokuwepo, mpaka hewa ikawaishia na fahamu zikapotea. Ndege ilijiendesha yenyewe mpaka karibu na Athens, ikazunguka, mafuta yakaisha, ikaanguka. Watu wote 121 walikufa. Mwaka 2011 mamlaka ya anga ya Marekani iliagiza ndege za 737 za aina hiyo ziwekewe taa zenye maandishi, ili honi isibaki inazungumza peke yake.

Nilisoma habari hiyo usiku, nikafunga kompyuta. Siwezi kulinganisha msiba ule na barua pepe yangu. Ila kosa nililitambua sura: walisikia, wakadhani ni nyingine.

Je, dawa haikujulikana? Ilijulikana zamani. Mwaka 1982 Roy Patterson aliiandikia mamlaka ya anga ya Uingereza mwongozo wa milio ya tahadhari. Alisema milio isiwe toni moja tupu, iwe na mchanganyiko na mdundo unaotofautiana, na isianze kwa kishindo kinachomshtua rubani asiweze kufikiri. Majaribio yake yalionyesha kwamba mtu hujifunza haraka milio minne mpaka sita. Ukizidisha hapo, kichwa kinaanza kuchelewa.

Mwaka 1989 William Gaver, akiwa Apple, alieleza programu aliyoiita SonicFinder. Badala ya biip, kila kitu kililia kama kitu. Ukigusa hati inasikika kama mbao, ukigusa programu inasikika kama chuma, na faili kubwa linatoa sauti nzito kuliko dogo. Ukinakili faili unasikia maji yanamiminwa chomboni. Yeyote aliyewahi kukinga ndoo bombani gizani anajua maana yake: sauti inapanda, unajua inakaribia kujaa, hauhitaji tochi. Programu hiyo haikuingia sokoni. Tukapewa ding.

Hospitalini walizunguka mno kabla ya kufika hapo hapo. Chumba cha wagonjwa mahututi ni kompyuta nyingi zinazomzunguka mtu mmoja: ya moyo, ya kupumua, ya dawa. Kanuni ya kimataifa ya milio yao, IEC 60601-1-8, ilipotoka miaka ya 2000 iliziwekea nyimbo fupi za kufanana fanana ambazo wauguzi walishindwa kuzitenganisha. Mmoja wa waliozibuni, Dk. Frank Block, aliomba radhi kwa maandishi. Nchini Marekani chombo kinachokagua hospitali kilitoa onyo mwaka 2013 kwamba kuanzia Januari 2009 hadi Juni 2012 kiliripotiwa matukio 98 yanayohusu tahadhari za mashine, na wagonjwa 80 walikufa katika matukio hayo. Ndipo Judy Edworthy wa Uingereza na wenzake wakatengeneza milio mipya, iliyoingizwa kwenye kanuni mwaka 2020. Ya moyo inadunda kama moyo. Ya dawa inasikika kama vidonge vikitikiswa kwenye kichupa. Ya kupumua ni pumzi. Miaka 31 baada ya Gaver, mashine iliruhusiwa kusema jina lake.

Basi nami nimefanya yangu. Haikuchukua hata dakika kumi, na ndiyo aibu yenyewe, kwamba uwezo wa kubadilisha milio ulikuwepo kwenye mipangilio siku zote. Kompyuta ya ofisi sasa inagonga kama mlango wa mbao. Mpakato inadondosha tone la maji. Simu inatetemeka tu. Kila kisichokuwa ujumbe wa mtu, yaani matangazo, masasisho, sijui nani kapenda picha ya nani, nimekinyamazisha kabisa. Jirani amechukua filimbi. Nikamwita mzee asikilize. Akasimama katikati ya meza yetu, akafumba macho, nikajitumia ujumbe wa majaribio. Akanyoosha kidole bila kukosea.

"Sasa mnaanza kuwa watu," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Nawe msomaji, kama una mashine zaidi ya moja mezani, usilale leo hujazitenganisha. Usisubiri zikufundishe kama zilivyonifundisha mimi.

Jambo la mwisho. Programu yangu ya barua pepe inaniruhusu kumpa mtu mmoja mlio wake wa peke yake. Nimempa yule bwana. Nimemchagulia sauti ya rimu ya lori ikigongwa, taratibu, niliyoirekodi mwenyewe. Haijalia bado.